Ekipe ikihama, inahama na nani?

Ku matanga ya jirani mmoja, hapa Lubumbashi, nilisikia wazee wawili wakibishana karibu usiku mzima. Hawakubishana juu ya urithi wala juu ya siasa. Walibishana juu ya mupira. Mmoja alisema: "Tangu Mazembe ilitoka Kenya, miye siendi tena ku kiwanja. Kule Kamalondo ni kwa mwenyewe. Pa Kenya palikuwa petu." Mwenzake akamjibu: "Weye unapenda ekipe ao unapenda ukuta?" Watu wote kandokando ya moto wakacheka. Lakini yule wa kwanza, ambaye ni baba mukubwa wangu, hakucheka. Alinyamaza, kisha akauliza: "Ekipe ikihama, inahama na nani?"

Ndugu wasomaji, swali lile halikunitoka kichwani. Wengine watasema mupira si jambo la kuandikwa katika kitabu cha mila. Miye naona ni jambo lake kabisa. Mila si ngoma na mavazi ya zamani tu. Mila ni namna watu wanavyojua kile wanachodaiana. Na hapa swali ni la deni: je, mtu anayehama anadaiwa kitu na mahali alipotoka, ao na wale anaowaacha pale?

Tuanze na mambo yenyewe. Tout Puissant Mazembe ilizaliwa mwaka wa 1939, mu Elisabethville, mikononi mwa mapadri Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface. Jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges. Baadaye iliitwa Saint-Paul, tena Englebert, jina la kampuni ya mipira ya magari. Kisha likaongezwa neno Tout Puissant, na mwishowe likaja jina la Mazembe. Kwa miaka mingi watu waliifuata ku kiwanja kikubwa cha komini ya Kenya, ambacho leo kinaitwa Stade Frédéric Kibassa Maliba, kwa kumkumbuka mwanasiasa wa Katanga aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa UDPS mwaka wa 1982. Ni pale, tarehe 31 Oktoba 2010, ambapo Mazembe iliifunga Espérance ya Tunis mabao 5 kwa 0 katika fainali ya Afrika. Mwezi wa Desemba wa mwaka ule, kule Abu Dhabi, ikawa ekipe ya kwanza isiyotoka Ulaya wala Amerika ya Kusini kufika fainali ya kombe la dunia la klabu. Ilifungwa na Inter ya Milano 3 kwa 0, lakini muji huu haukulala.

Baada ya ushindi ule ekipe ilihama. Tangu mwaka wa 2012 michezo yake mikubwa ya Afrika ilichezwa ku kiwanja chake yenyewe, Kamalondo, chenye majani ya kutengenezwa na viti 18,500 hivi. Kiwanja kinabeba jina la ekipe: Stade TP Mazembe.

Sasa tusikilize pande zote mbili za yale mabishano, maana kila upande una haki kidogo.

Wa kwanza wanasema: kuhama ni kusaliti. Wanatukumbusha methali, mwacha mila ni mtumwa. Lakini miye ninauliza: mila yetu inasema kweli kwamba kuhama ni vibaya? Wazee wetu walihama kila mara. Wabemba walilima kwa kukata matawi ya miti na kuyachoma, ile wanaita citemene. Udongo ukichoka, baada ya miaka michache, kijiji chote kilisogea. Hakuna aliyesema wamewasaliti wakubwa wao. Na jina la kijiji halikuwa jina la udongo. Lilikuwa jina la mkubwa wake. Aliposogea, jina lilisogea pamoja naye. Kwa Walunda na jirani zao, mti wa muyombo ulipandwa katikati ya kijiji kwa kuwakumbuka waliokufa, na kijiji kipya nacho kilipanda muyombo wake. Mti ule haukuwa ule wa zamani, lakini waliokumbukwa chini yake walikuwa ni walewale.

Basi wazee walijua kwamba kijiji si mahali. Na ekipe pia si mahali. Hata historia inaonyesha hivyo. Mwaka wa 1967, ekipe hii ilipopata kombe la Afrika kwa mara ya kwanza, mchezo wa nyumbani wa fainali dhidi ya Asante Kotoko haukuchezwa hapa, ulichezwa Kinshasa. Je, kombe lile si la Lubumbashi? Ekipe iliyobadilisha jina mara nyingi hivi na ikabaki yenyewe, namna gani itakufa kwa kubadilisha kiwanja? Tena Kamalondo si ugenini. Ni ile Komini Albert ya zamani, mtaa wa kale wa Waafrika mu muji huu, ambao mkoloni aliutenga na mtaa wa Wazungu kwa eneo lisilojengwa katikati. Kujenga nyumba kubwa pale, mahali ambapo babu zetu waliwekwa kando, kuna heshima yake. Hilo tulikubali.

Wa pili wanasema: kiwanja ni simenti na vyuma. Ekipe ina haki ya kuwa na nyumba yake, hakuna deni lolote, tusonge mbele. Hawa nao wanakosea, na kosa lao ndilo la hatari zaidi kwa wakati wetu, kwa sababu linafanana sana na akili. Tuangalie vizuri namna kijiji kilivyohama. Kilihama chote. Mjane alihama, kipofu alihama, mwenye kufanya kazi na yule mvivu walihama. Hakuna aliyesimama njiani na kuhesabu: wewe una nafasi, wewe huna. Kijiji ambacho nusu yake imebaki nyuma, wazee hawakusema kimehama. Walisema kimevunjika.

Hapa ndipo hesabu inaingia. Kiwanja cha Kenya, watu wanakitaja kwamba kiliweza kupokea hadi 35,000. Kile kipya kinapokea 18,500 hivi. Toa: wanabaki 16,500. Sisemi kama mtu fulani aliwafukuza kwa makusudi. Mwenye kujenga anajenga kwa nguvu zake, na kiwanja kidogo kilicho kizuri ni bora kuliko kikubwa kinachoanguka. Lakini siku ya mchezo mkubwa, wale 16,500 wako wapi? Si vigumu kujua ni nani anayekosa nafasi kwanza: ni yule anayepata franka siku ileile ya mchezo, anayefika kwa miguu, asiyejua mtu mlangoni. Na tusisahau mama wa Kenya ambaye siku za mechi aliuza karanga na maji mbele ya kiwanja. Yeye hakuhama. Kartie yake ilibaki palepale, na siku yake ya soko ikapungua. Hakuna sheria inayosema anadaiwa. Lakini kelele zilizofanya adui aogope kuingia pale zilikuwa pia kelele za watoto wake.

Kuna jambo lingine. Kiwanja cha Kenya hakikuwa cha Mazembe peke yake. Saint-Éloi Lupopo, ekipe iliyozaliwa mwaka uleule wa 1939, ilikuwa nayo pale. Siku moja weusi na weupe wa Mazembe, siku nyingine njano na buluu ya Lupopo, na siku ya mchezo wa wote wawili muji uligawanyika hadi ndani ya nyumba: baba huku, mama kule. Watu walitukanana, na mara nyingine walipigana. Tusijidanganye kwamba zamani ilikuwa peponi. Hata hivyo waliketi juu ya simenti ileile. Ukikaa leo mahali ambapo adui yako atakaa kesho, unajifunza bila mwalimu kwamba nyumba si yako. Wewe ni mgeni, na yeye ni mgeni. Nyumba yenye mwenyewe mmoja haifundishi somo lile. Nafikiri ndicho baba mukubwa alichokuwa anakililia aliposema "pa Kenya palikuwa petu." Hakusema "palikuwa pa Mazembe."

Lakini hapa lazima tujipige kifua sisi wenyewe. Kama palikuwa petu, tulipatunza namna gani? Kila mtu anajua hali ya vitu vya wote mu inchi yetu. Bomba la maji la wote linavunjika na hakuna wa kulitengeneza. Shule ya wote inakosa madirisha. Tunasema ni cha Leta, na tukisha kusema hivyo tunaondoka. Kiwanja cha wote kilipochoka, wengi wetu tulipita mbele yake bila kuokota hata karatasi moja. Mwenye kujenga chake anafanya kile sisi tulishindwa kufanya pamoja: anafagia, anafunga mlango, anapaka rangi, anajua nani aliyevunja kiti. Hatuwezi kumlaumu mtu anayetoka katika nyumba ya ukoo kwa kuwa inavuja, wakati sisi wenye ukoo hatukupanda juu kuziba tundu. Tunalia juu ya kaburi ambalo hatukulipalilia.

Basi nani ana haki? Kwa maoni yangu, kuhama si kosa, na kubaki si utakatifu. Haki iko katika namna ya kuhama. Ninaona mambo matatu ambayo anayehama anadaiwa.

La kwanza ni kuaga. Kwetu mtu hatoki kijijini usiku isipokuwa mwizi ao mwenye madeni. Anapita kwa wakubwa, anawaambia, anashika mikono. Mahali palipokupa ushindi panastahili neno, hata kama ni mchezo mmoja wa mwisho unaochezwa kwa kuwashukuru watu wa kartie.

La pili ni kubeba. Si kubeba vikombe tu. Vikombe ni vyepesi. Kubeba ni kuuliza kabla ya kufungua mlango: yule aliyekuwa akisimama nyuma kabisa, ambaye hakuwa na kitu, leo atasimama wapi? Methali inasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ni kweli. Lakini ili mtu aingie ndani na aone wema wa nyumba, kwanza lazima mlango umfungukie.

La tatu ni kurudi. Kijiji kilihama, lakini makaburi hayakuhama, na watu walirudi kuyasafisha. Ekipe iliyohama inaweza kurudi Kenya mara moja kwa mwaka, si kwa kutafuta kombe, bali kucheza na vijana wa pale na kuwaonyesha mahali ilipotoka. Hilo halihitaji feza nyingi. Linahitaji kukumbuka.

Na sisi tusiohama tuna deni letu pia: kukitunza kile kilichobaki. Kiwanja cha zamani si mjane wa kuhurumiwa. Ni mali ya wote, na kama kinaanguka, kinaanguka juu ya majina yetu.

Baba mukubwa alivunja kiapo chake mara moja. Ilikuwa tarehe 8 Novemba 2015, siku ya fainali ya Afrika dhidi ya USM Alger. Mtoto wake alimpatia tike, na kumkatalia mtoto siku kama ile kungekuwa ni aibu. Mazembe ilishinda 2 kwa 0 na ikachukua kombe la tano. Jioni tulimkuta ameketi mbele ya nyumba, sauti imemwisha kwa kulalamika na kushangilia. Tukamuuliza: "Baba, uliona nini kule?" Tulitegemea atasifu ao atalaumu. Akasema kwa sauti ndogo: "Batu ni balebale. Bimbo ni zilezile. Hata miye nilipoketi pale nilisahau kama ni Kamalondo." Akakohoa kidogo, akaongeza: "Lakini wakati wa kuingia nilipita mbele ya bengine, beko inje, na redio ku masikio. Bamoja nilibajua. Tulikuwa tunakaa pamoja kule Kenya."

Hakusema zaidi, na hatukumuuliza. Kesho yake asubuhi alivaa kofia yake nyeusi na nyeupe, akaenda kwa miguu hadi Kenya kuwatafuta, ili awaeleze mchezo kama alivyouona.