Emmanuelle Riva na Maumivu ya Mwenzake

Mwaka 1958, kabla upigaji wa filamu haujaanza, mwigizaji Mfaransa Emmanuelle Riva alizunguka Hiroshima na kamera yake ya mkononi akipiga picha za watoto na vichochoro. Alikuwa na miaka 31, mzaliwa wa Vosges aliyewahi kushona nguo kabla ya kwenda Paris kutafuta jukwaa. Tangu bomu la atomiki la tarehe 6 Agosti 1945 ilikuwa imepita miaka 13 tu.

Filamu yenyewe, Hiroshima mon amour, iliongozwa na Alain Resnais na kuandikwa na Marguerite Duras. Inaanza kwa ubishi. Mwanamke Mfaransa anasimulia alivyoiona hospitali na jumba la makumbusho. Mpenzi wake Mjapani anamkatalia kila mara kwamba hakuona kitu. Waswahili wana neno lao hapo: adhabu ya kaburi aijua maiti. Basi aliyesimama ukingoni, mzima wa afya, asimulie kwa haki ipi?

Mwanamke yule hajibu kwa hoja. Anafunua kidonda chake: ujanani, mjini Nevers, wakati wa vita, alimpenda askari wa Kijerumani, adui wa nchi yake; askari akauawa, naye akanyolewa nywele na kufungiwa chini ya nyumba. Hadai kwamba msiba wake unalingana na wa Hiroshima. Ila aliyewahi kuumia humsikiliza mwenye maumivu kwa namna nyingine, na Riva aliigiza usikivu huo zaidi kwa uso kuliko kwa maneno.

Mwaka 1961, katika filamu Léon Morin, prêtre ya Jean-Pierre Melville, alikuwa Barny, mjane asiyeamini Mungu aliyeingia kuungama ili amchokoze padri, akaishia kuongoka huku akimpenda padri huyohuyo. Mwaka uliofuata Thérèse Desqueyroux ilimpatia tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Venice. Kisha ikaja miaka mingi ya jukwaa, televisheni na nafasi ndogondogo.

Halafu Amour ya Michael Haneke, mwaka 2012. Riva ni Anne, mwalimu mstaafu wa muziki aliyepigwa kiharusi. Jean-Louis Trintignant ni Georges, mumewe. Anne anamwahidisha asimrudishe hospitali, na Georges anatimiza: anamlisha, anamgeuza kitandani, anamwimbisha. Maneno yanapomwishia Anne, anabaki kulia kwamba anaumwa. Muuguzi anasema vilio hivyo visichukuliwe kwa uzito. Siku moja Georges anamshika mkono, anamsimulia kisa cha utotoni hadi anatulia. Kisha anamfunika uso kwa mto mpaka pumzi inakatika.

Kwa Muislamu na kwa Mkristo uhai ni amana, na mwenye amana ni Mungu. Haneke hamhukumu Georges wala hamtetei. Lakini ule msemo wa kaburi unamkabili: hata baada ya miaka mingi ya ndoa, alijuaje kwamba Anne, ambaye hakuweza tena kusema, alitaka dakika ile iwe ya mwisho? Alipokuwa akimshika mkono alikuwa bado anamsikiliza. Alipoushika mto alikuwa ameshajijibia mwenyewe, na hilo ni kosa hata likitoka kwa mtu anayependa kweli.

Kwa nafasi hiyo ya Anne, Riva aliteuliwa kuwania Oscar. Siku ya hafla, 24 Februari 2013, alitimiza miaka 86. Alifariki Paris tarehe 27 Januari 2017. Picha zake za Hiroshima zilichapishwa kitabuni nusu karne baada ya kuzipiga. Humo watoto waliozaliwa baada ya bomu wanacheza.