Gundi ya nyuki: tuchukue mpaka wapi?

Ukimuuliza mtu wa Goma nyuki anatupatia nini, atajibu asali. Akiwa mtu mzima ataongeza nta. Kitu cha tatu hakitaji, hata kama amekishika mara nyingi na kikamsumbua kukitoa kwenye vidole. Ni ile gundi yenye rangi kati ya nyeusi na kahawia, yenye harufu ya mti, ambayo nyuki wanapaka kwenye nyufa za mzinga wao. Asubuhi ya baridi inakatika kama kijiti kikavu. Saa sita, jua likiwaka, inavutika na kunata. Wataalamu wanaiita propolisi. Neno hilo limetoka kwa Wagiriki, na wengi wanalifasiri "mbele ya mji", maana nyuki wanaitumia pia kupunguza mlango wa mzinga ubaki mdogo, adui asipite.

Msomaji atuvumilie tukianza na kazi yenyewe kabla ya kufika kwenye swali lililotusukuma kuandika. Nyuki hatoi gundi hii mwilini mwake kama anavyotoa nta. Anaenda kuitafuta. Mti ukiumia, au ukitaka kuchipua, unatoa utomvu wa kufunika sehemu yake laini. Nyuki anaukwangua, anaupakia kwenye miguu ya nyuma, pale pale anapobebea chavua, na kurudi nyumbani. Akifika hawezi kujipakua, kwa sababu unanata mno. Anangoja wenzake wamvute kipande kwa kipande. Kisha wanauchanganya na nta na kuziba. Panya akiingia mzingani, wanamchoma mpaka afe, lakini kumtoa nje nguvu hawana. Basi wanamfunika kwa gundi ile, mwili mzima, asiozee ndani ya nyumba. Na gundi hiyo hakuna nyuki anayeila. Ni kazi ya nyumba tu.

Tulipokuwa wadogo, vijijini kwa babu zetu, mizinga ilikuwa magogo yaliyotobolewa, au vikapu virefu vilivyofumwa na kupakwa mavi ya ng'ombe. Asali ilikuwa na heshima yake. Iliingia kwenye mahari, kwenye dawa ya mtoto, kwenye pombe ya wazee. Gundi, sisi watoto tuliziba nayo makopo yaliyotoboka. Mkubwa aliyeikuta kwenye asali alitema mate. Tusifikiri kwamba ni ujinga wa kwetu peke yetu: hata Marekani na Ulaya wafugaji wengi wa karne ya 20 waliiona kuwa usumbufu, maana inashikisha mbao za mizinga yao ya kisasa, na wakapenda zaidi nyuki wenye kuileta kidogo. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu cha Minnesota walionyesha kwamba nyuki wanaoishi ndani ya mzinga uliopakwa utomvu ule wana vijidudu vichache, na miili yao haihangaiki sana kujikinga. Kumbe uchafu ule ulikuwa dawa ya nyumba nzima.

Siku hizi mambo yamegeuka. Propolisi inauzwa katika vichupa, imelowekwa kwenye alkoli, na watu wanaitafuta kwa kikohozi na vidonda vya mdomo. Sisi si waganga, hatutasema inaponya nini. Tunasema tu kwamba imepata bei.

Mwaka 2019 tuliwapeleka wanafunzi wa kalasi ya sita, wale wanaosoma filozofia, kumtembelea mzee mmoja mfugaji wa nyuki juu ya Sake. Tulitaka watoke kidogo kwenye majina ya Wagiriki na Wajerumani. Mzee alikuwa na mizinga kama ishirini kati ya migomba yake. Wiki ile ile alikuwa amepata mgeni kutoka mjini, mwenye kununua, aliyemwambia: "Asali sitaki. Kwangua ile nyeusi, yote, nitalipa kwa kilo." Mzee hakuwa amemjibu. Alitueleza hivi:

"Ya asali, baba yangu alinionyesha. Masega ya nyuma unawaachia. Yenye watoto haugusi. Mvua ikiwa ndefu, haufungui kabisa. Lakini ya hii gundi, hakuna mtu aliniambia kitu. Baba alikuwa anaitupa."

Tulirudi Goma na maneno hayo, na hatujayamaliza mpaka leo. Tunapenda kusema kwamba mila zetu zinatufundisha kiasi. Ni kweli, zinatufundisha kiasi katika vile vitu ambavyo wazee walikuwa wanavipenda tayari. Kitu ambacho kimepata bei jana kinaingia kwetu bila sheria, na mwenye haraka ndiye anayekila chote kabla wengine hawajajua kwamba kinaliwa.

Wakaaji wa Kivu hatuhitaji nyuki kutufundisha hilo. Pale Rubaya, katika Masisi, yale mawe meusi mazito zamani yalikuwa mawe tu. Mkulima akiyapata kwa jembe aliyatupa pembeni. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafla duniani, kwa sababu ya viwanda vya simu na kompyuta, na mwaka 2001 ikaanguka tena. Katikati ya hapo, malisho yaligeuka mashimo, watoto waliacha masomo wakaenda kuchimba. Tangu wakati huo wenye bunduki wamepokezana milima ile, na mara kwa mara udongo unawafunika wachimbaji. Mila za Masisi zilikuwa na neno juu ya mpaka wa shamba, juu ya maji, juu ya ng'ombe aliyeingia katika maharagwe ya jirani. Juu ya jiwe jeusi hazikuwa na neno. Hatusemi kwamba mila ingeweza kuzuia bunduki, hapana. Lakini hata wale wasiokuwa na bunduki hawakuwa na mahali pa kusimama na kusema: hapa basi, imetosha.

Je, sheria ya asali inaweza kuhamishwa kwenye gundi? Pale kwa mzee tuliwaambia wanafunzi kwamba inawezekana. Sheria ile, tuliwaeleza, haikuwa ya asali peke yake. Ilisema: mwachie mwenye nyumba sababu ya kubaki. Nyuki wa kwetu wa Afrika ni wepesi kuhama. Ukiwasumbua mno, au ukiwamalizia chakula, siku moja unakuta mzinga mtupu. Basi kwangua kiasi ambacho hakitawafukuza, ndicho kipimo. Tuliona tumesema vizuri.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Lakini Mwalimu, hayo si maadili. Hiyo ni hesabu. Muzee anaacha juu ya kesho arudi achukue ingine."

Wengine wakacheka, sisi hatukucheka, maana alikuwa ametushika. Tulimtazama mzee. Naye akasema bila kukasirika: "Una haki, binti yangu. Mimi ni mwizi. Lakini ni mwizi jirani. Nikiwaibia, nalala hapa hapa karibu nao. Wakikosa, mimi ndiye naona. Yule wa mjini hataona kitu."

Tumeliwaza sana jibu hilo. Halitakasi wizi, na mzee hakudai kwamba linautakasa. Linasema kwamba kuna kuchukua ambako matokeo yake yanakurudia machoni, na kuna kuchukua ambako yanaishia nyuma ya mlima. Mwenye simu yenye koltani, sisi wenyewe tukiwa mmoja wao, hasikii harufu ya udongo wa Rubaya. Walimu wa filozofia wana maneno makubwa kwa jambo hili; kwetu lile la mwizi jirani linatosha kuanzia.

Ila halitoshi kumalizia. Kipimo cha "usimfukuze" kinamlinda yule tu mwenye kuweza kuondoka. Nyuki ana mabawa. Mti unaotoa utomvu je? Kila siku magunia ya makala yanaingia Goma, mengine yametoka ndani ya Hifadhi ya Virunga, na mti haujahama hata mara moja kutuonyesha kwamba tumezidisha. Na tusisahau kwamba kuhama kwenyewe si haki ya kujivunia. Sisi tulioona mabashi meupe ya Kanyaruchinya na Bulengo, tangu mwaka 2022 mpaka kambi zilipobomolewa mwanzoni mwa mwaka 2025, tunajua kwamba anayekimbia hakupewa nafasi ya kuchagua. Tukingoja mtu ahame ndipo tujue tumemchukulia mno, tumechelewa.

Hapa turuhusiwe kulalamika kidogo. Mara nyingi tumesikia hotuba ambamo nyuki anasifiwa: hana uchovu, haombi mshahara, anafia kazini. Hotuba kama hizo zinapendwa sana siku ya walimu. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio waliobeba mishahara ya walimu kwa ile prime, na elimu ya msingi ya bure ilipotangazwa mwaka 2019, wengi wetu wa sekondari tuliendelea kutegemea mifuko ya wazazi wasio na kitu. Hatukuhama. Tuliziba nyufa. Kumsifu mwenye kuziba nyufa ni rahisi, ni njia moja ya kumkwangua. Nyuki mwenyewe hakujitolea. Anafanya anachofanya nyuki. Swali la maadili si lake, ni la mwenye kisu mkononi.

Kabla hatujaondoka, mzee alifungua mzinga mmoja tuone. Alikwangua gundi ya kifuniko na ya pembeni, ile ya mlangoni akaiacha. Ilijaa kiganja kimoja. Msichana yule akamuuliza kama atamwuzia mgeni wa mjini. "Nusu labda," alisema. Nusu nyingine aliipasha moto kidogo juu ya makaa, akachukua kikapu kipya kilichokuwa bado kitupu, akaanza kukisugua ndani kwa kidole, polepole. Nyuki wanaotafuta nyumba, alisema, wakisikia harufu hiyo wanaingia. Alitupatia kila mmoja kipande tusugue naye, na jioni ndani ya basi vidole vyetu vyote vilikuwa vinashikana.