Mgeni na Mtazamaji

Je, yafaa kuwazuru wanadamu kwa namna ile ile tunayowazuru wanyama wa mwitu? Huenda msomaji akaona kwamba swali hili halistahili hata kujibiwa. Walakini watu wengi, na waungwana wamo miongoni mwao, hufanya hivyo pasipo kujua. Na tulipime kwa mfano wa nchi jirani.

Kusini magharibi ya Uganda pana msitu mzito wa milimani uitwao Bwindi. Mwaka 1991 ulifanywa hifadhi ya taifa. Hesabu ya mwaka 2018 ilipata gorila 459 katika Bwindi na Sarambwe, msitu wa Kongo unaopakana nao. Nao ni karibu nusu ya gorila wote wa milimani waliobaki duniani. Atakaye kuwatazama hufungwa na masharti makali. Kundi moja la gorila haliendewi na wageni zaidi ya 8 kwa siku, wala hawakai nalo zaidi ya saa moja. Hawaruhusiwi kulisogelea wapendavyo. Mwenye mafua hurudishwa, kwa kuwa ugonjwa ambao kwetu ni karaha ya siku tatu waweza kumwua gorila. Kiongozi hutangulia, wageni hufuata wakinong'ona. Hii ni adabu njema kabisa.

Alasiri huenda wageni hao hao wakapelekwa kijijini kwa Watwa. Hawa ndio waliokaa msituni tangu zamani wakiishi kwa mawindo, asali na mizizi. Hifadhi ilipofanywa walitolewa, na wengi wao wakabaki wakikaa katika mashamba ya watu wengine. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliona kwamba hawakupewa fidia iliyotosha. Basi wageni hufika, ngoma hupigwa, moto hupekechwa kwa vijiti, na picha hupigwa za mtoto ambaye mama yake hakuulizwa. Hapa hapana saa iliyopimwa, wala hapana anong'onaye.

Tofauti hii yatoka wapi? Gorila hajui kusema karibu wala ondoka, kwa hiyo sheria imemsemea. Mtwa ana kinywa chake, na watu wamedhani kwamba hicho chamtosha. Lakini kinywa cha mwenye njaa hakina hiari kubwa ya kukataa. Kwetu mgeni hupiga hodi akangoja. Mwenye nyumba akinyamaza, mgeni huenda zake wala haoni kwamba ameonewa. Akikaribishwa hukaa, akaulizwa atokako na hali ya jamaa zake, naye akajibu. Mtazamaji hapigi hodi: amekwisha kulipa, tena aghalabu amemlipa mtu wa mjini mwenye gari. Huuliza, lakini haulizwi.

Wako wasemao kwamba afadhali ziara hizi zikomeshwe. Mimi siungani nao. Mtu aliyenyimwa ardhi ana haki ya kupata fedha kwa ngoma yake, kama apatavyo mwimbaji wa Nairobi au Kampala. Kumwambia aifiche ili sisi tusione haya ni kumdhulumu mara ya pili. Jambo la kuuliza ni nani mwenye nyumba: nani aliyechagua siku ya ziara, nani awezaye kusema leo hapana, na fedha zilipohesabiwa zilikuwa mkononi mwa nani. Kijiji kiwezacho kufunga mlango siku ya msiba bila ya kukosa chakula kesho yake, hicho chapokea wageni kwa kweli.

Katika Mgahinga, hifadhi iliyo karibu na Bwindi na iliyofanywa mwaka ule ule, yako matembezi yanayoongozwa na Watwa wenyewe. Mzee hutangulia akionyesha mti wa dawa, mtego wa zamani na njia ya nyuki, mpaka pango la Garama lililokuwa la watu wake. Hapo mgeni ni mwanafunzi na Mtwa ni mwalimu, na mwalimu hapigwi picha kabla hajaulizwa. Yapendeza kuliko ngoma ya alasiri. Hata hivyo, matembezi yakiisha, mzee huyo hutoka msituni pamoja na wageni wake, maana naye hana ruhusa ya kulala humo.