Haki ya Mnyama Asiye na Mwenyewe

Yako mambo ambayo sheria huyaruhusu, kisha humwachia mtu nafsi yake iwe ndiyo askari. Uwindaji ni katika hayo. Kuwinda kwa ajili ya chakula ni halali, na kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo kumekatazwa; katika haya hatuna ubishi. Swali letu ni hili: mnyama asiye na mwenyewe, je, hana haki juu ya amwindaye?

Na tuzitazame mbuga za majani za Marekani. Katika karne ya 19 mnyama wa huko alikuwa ni wa aliyewahi. Nyati wa nchi hiyo, waliokuwa mamilioni kwa mamilioni, walibaki kama elfu moja tu mwaka 1889. Wengi walichunwa ngozi, nyama ikaachwa ioze.

Leo katika mbuga hizo zimo sehemu za umma, ambamo hata asiye na shamba huingia akawinda kware na bata, au akavua samaki mabwawani. Kwa kawaida hununua leseni. Kwa sheria ya mwaka 1937, kodi ya bunduki na risasi hutumika kuwatunza wanyama wa mwitu. Na kwa sheria ya mwaka 1950, kodi ya vyombo vya kuvulia huwatunza samaki. Tangu mwaka 1991 ni marufuku kumpiga bata kwa marisau ya madini ya risasi, kwani ndege huyaokota majini wakafa kwa sumu. Na ndege aliyeanguka sharti atafutwe, asiachwe.

Huenda mtu akasema: “Nimekwisha lipa, basi ni haki yangu.” Hapa ndipo penye kosa. Leseni ni ruhusa, si bei ya mnyama. Na idadi iliyowekwa kwa siku ni mpaka wa mwisho, si deni ambalo mwindaji lazima alidai lote.

Tena mbuga ni pana na askari ni wachache. Jua likizama, ni nani ahesabuye ndege walio mfukoni, ila mwindaji mwenyewe? Wengi wa wale waliowamaliza nyati hawakuvunja sheria yoyote. Walichokikosa ni kiasi.

Mali ya mtu mmoja hulindwa na mwenyewe. Ama mali ya wote, ikiwa kila mmoja hakuilinda, basi haina mlinzi.