Mwili Una Mwenyewe

Hadi mwaka 2007, sheria ya Uganda ilipima uzinzi kwa vipimo viwili. Mke wa mtu akitembea na mwanamume yeyote, ana kesi ya jinai. Mume wa mtu akitembea na msichana ambaye hajaolewa, hana kesi. Labda atembee na mke wa mwenzake. Aprili ya mwaka huo Mahakama ya Katiba ikaifuta, baada ya watetezi wa wanawake kufungua shauri.

Sheria ya namna hiyo haikulinda ndoa. Ililinda umiliki. Ndiyo maana naithamini kazi ya Profesa Sylvia Tamale, aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuongoza kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Makerere. Kwa miaka mingi amedai jibu la swali moja: mwili wa mwanamke ni wa nani?

Jibu hakulitafuta kwenye vitabu vya sheria peke yake. Aliwaendea wanawake wa Buganda na kuichunguza kazi ya ssenga, shangazi anayemfunda binti mambo ya unyumba, kama kungwi anavyofanya huku pwani. Akakuta mafunzo yenye sura mbili. Binti anafundwa kumnyenyekea mume, na humo humo anafundwa kwamba naye ana haki ya kuridhika. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeihesabu desturi ya kuvuta mashavu ya uke pamoja na ukeketaji. Tamale akawasikiliza wenye miili yao, nao wakamweleza kuwa inawaongezea raha. Kusikiliza kwanza, kuhukumu baadaye: huo ni uadilifu wa msomi.

Wako wanaosema uhuru wa mtu juu ya mwili wake umetoka Ulaya. Lakini bibi zetu walizungumza raha ya mwanamke ndani ya unyago kabla shule hazijajengwa, na kifungu cha Uganda kinachoadhibu mapenzi yanayoitwa kinyume cha maumbile kililetwa na Waingereza. Tamale alipotaka mwaka 2003 mashoga nao walindwe na Tume ya Fursa Sawa, alitukanwa hadharani na kutangazwa mwanamke mbaya kuliko wote wa mwaka. Hakunyamaza. Mwaka 2011 alihariri kitabu kikubwa kuhusu ujinsia barani Afrika, kilichokusanya sauti za Waafrika wenyewe.

Naamini heshima tunayoililia katika jamii zetu inaanzia kwenye swali lile la mwili ni wa nani. Binti aliyefundwa kumridhisha mtu, asifundwe kukataa, amefundwa nusu. Na kijana wa kiume ambaye hakufundwa kabisa ndiye atakayekuja kutunga sheria za vipimo viwili. Wote wawili tuwakalishe chini, tuwaambie wazi kwamba mwili una mwenyewe, na ridhaa yake haiombwi kwa baba, mume wala serikali.