Pumzi Haina Rangi

Mja amepata kumwelekezea Muumba wake maswali mengi, ya mauti, ya riziki na ya dhuluma. Lakini lipo moja linalomchoma mwenye kulibeba hata akiwa amepiga magoti: ikiwa Mungu ni mmoja na wanadamu wote ni kazi yake, imekuwaje Mwafrika afundishwe kusali mbele ya picha ambazo malaika na watakatifu wote ni weupe, na kiumbe wa pekee aliyepakwa rangi ya weusi ni ibilisi? Mwaka 1972 swali hilo lilitoka, si mimbarini wala madrasani, bali katika wimbo wa dansi uitwao «Nakomitunaka», kazi ya mpiga saksafoni wa Kinshasa, Kiamuangana Mateta, aliyejulikana zaidi kwa jina la Verckys.

Muulizaji huyo hakuwa mgeni wa dini. Alizaliwa mwaka 1944 huko Kisantu, mji uliokua ubavuni mwa misheni ya Wajesuiti. Mwaka 1963 akaingia OK Jazz, bendi ya Franco Luambo, ambamo saksafoni yake ilimpatia sifa kubwa, hata mwaka 1969 akajitenga na kuunda Orchestra Vévé yake mwenyewe. Chombo alichokipuliza kilibuniwa na Adolphe Sax, mzaliwa wa Ubelgiji, aliyepata hati ya ubunifu wake mjini Paris mwaka 1846. Na Ubelgiji ndiyo iliyoitawala Kongo na kupeleka huko wamisionari wengi pamoja na picha zao. Basi kwa Wakongo zilifika amana mbili kutoka nchi moja: picha iliyomchagulia Mungu rangi, na chombo kisichomuuliza mpulizaji wake asili yake.

Wapo waliouhesabu wimbo ule kuwa ni kufuru, na katika hofu yao lilikuwamo jambo la kusikilizwa, kwa maana katika mwaka uo huo serikali ya Mobutu, mtawala wa Kongo, ikijinadi kurudisha uasilia, iliwakataza raia majina ya ubatizo, na Kardinali Malula, aliyepinga, akalazimika kwenda uhamishoni. Swali la haki likiangukia mikononi mwa mtawala huweza kugeuzwa rungu. Lakini ubaya wa aliyelitumia swali haulibatilishi swali lenyewe. Nabii Ibrahimu alimwomba Mola amwonyeshe namna anavyohuisha wafu, ili moyo wake utulie, wala hakukemewa. Ayubu naye, katika maradhi na msiba, alimtaka Mungu hoja, na mwisho ni rafiki zake, waliojifanya mawakili wa Mungu, walioonywa. Anayeuliza hivyo hajaikimbia imani, kwa kuwa mtu hamsaili asiyemtarajia kujibu.

Hapa Naliendele, jirani na mji wa Mtwara, ambapo Waislamu na Wakristo huishi ukuta kwa ukuta, jawabu moja limekwisha kutolewa kwa patasi. Wachongaji wa Kimakonde wamemchonga Yesu msalabani na Mariamu na mwanawe katika mpingo, mti mweusi wa kusini yetu, ambao pia husafirishwa Ulaya ukafanywa klarineti na zumari za Kizungu. Kazi yao naistahi, kwa sababu imemwondolea mtoto mweusi fedheha ya kujiona katika sura ya shetani tu. Hata hivyo ni nusu ya jawabu: mwenye kubadili rangi ya sanamu bila kubadili fikra yake kuhusu Mungu amehamisha mpaka tu, na kesho atakuwapo mtoto mwingine, wa rangi nyingine, atakayesimama nje yake.

Nusu ya pili naiona katika kile alichokifanya Verckys kila alipoweka saksafoni kinywani. Biblia na Kurani zinaafikiana kwamba Adamu alikuwa udongo tu hata Mola alipompulizia roho. Na udongo una rangi, pumzi haina. Mtume, alipotaka mtu wa kuwaita waumini kwenye sala, alimteua Bilali, Mhabeshi aliyekuwa mtumwa, kwa sauti yake. Na katika khutba yake ya kuaga akafundisha kuwa hapana ubora wa mweupe juu ya mweusi, wala wa mweusi juu ya mweupe, ila kwa uchaji. Kwa hiyo nasadiki kwamba maneno ya wimbo yaliuliza juu ya sura, na saksafoni ikajibu kwa pumzi: tunachofanana na Mungu ni kile alichotuazima, nacho hakichoreki.

Verckys alifariki Oktoba 2022, lakini swali lake lingali vinywani mwa watoto. Mwalimu wa dini anayelisikia asilinyamazishe kwa fimbo wala kwa fatua ya haraka. Na akubali kwanza kuwa ni la haki, kisha amfundishe mtoto kwamba anayemkaribia Mola kwa kuuliza amekwisha kukaribishwa, na kwamba picha iliyomdhalilisha ilikuwa kazi ya wachoraji, wala haikuwa hukumu ya Mwenyezi Mungu.