Amosi, Mwinjilisti na Tope la Bahari ya Chumvi

Baada ya tetemeko lililoipiga Bukoba alasiri ya Jumamosi, 10 Septemba 2016, mwinjilisti mmoja alisimama msibani, mbele ya mama aliyefiwa na mtoto, akasema Mungu ametuadhibu. Ushahidi wake ulikuwa Amosi, nabii aliyetabiri miaka 2 kabla ya tetemeko la enzi za mfalme Uzia. Mimi ni mzee wa kanisa na nimefundisha jiografia. Sikumjibu pale, maana msibani hapabishaniwi. Namjibu sasa.

Ufa mkubwa wa nchi ya Amosi unapita chini ya Bahari ya Chumvi. Mafuriko ya majira ya baridi huleta humo udongo wa rangi nzito. Kiangazi, jua likikausha maji, chokaa nyeupe hutua juu yake. Ufa ukishtuka, tope la juu, ambalo bado ni laini, hukunjika na kuvurugika. Kisha misimu huendelea kutandika mistari iliyonyooka juu ya vurugu ile. Mstari wa kwanza ulionyooka ndio unaotaja tarehe ya tetemeko: watafiti huhesabu mistari, na hupima kaboni-14 ya vijiti na majani yaliyozikwa humo. Wamelitafuta hata tetemeko la Amosi, la karne ya 8 KK.

Lakini vurugu haziishii hapo. Ukishuka hadi kwenye matabaka ya Lisan, ziwa kongwe lililotangulia bahari hiyo, yaliyotuama kati ya miaka 70,000 na 15,000 hivi iliyopita, unazikuta tena na tena. Musa hajazaliwa, amri hazijaandikwa. Nani alikuwa akiadhibiwa? Na kaskazini, kwenye kivuko cha Yakobo, ufa huohuo ulisogeza ukuta wa ngome ya wapiganaji wa msalaba kama mita 1.6 mwaka 1202. Msikiti uliojengwa baadaye palepale ukasogezwa kama nusu mita mwaka 1759.

Simkanushi Amosi. Namwomba mwinjilisti amsome hadi sura ya 5, anapowakemea wanaojijengea nyumba za mawe ya kuchonga kwa nafaka waliyomnyang'anya maskini. Nabii alikuwa akitazama kuta, na nani anaishi ndani yake. Mama yule alilala chini ya kuta za tofali za udongo, bila nondo wala lenta. Hapo, mwinjilisti, nakubaliana nawe kwamba dhambi ilikuwepo: katika usharika wetu kuna mafundi, kuna wenye maduka ya saruji, na miaka yote ile tulipita mlangoni kwake tukikusanya ahadi za ujenzi wa kanisa.